Stafu ipimwe kwa rula, si kwa macho ya kwenye skrini

Watunzi wanaoniletea kazi niwapangie nakala za wapigaji huniuliza: noti ziwe za ukubwa gani? Huwa nachukua rula. Kinachopimwa ni stafu, ile mistari mitano, kuanzia mstari wa chini kabisa hadi wa juu. Stafu ya milimita 8 ina nafasi ya milimita 2 kati ya mstari na mstari, na kichwa cha noti kinajaa humo. Ya milimita 6 inabakiza 1.5 tu. Ukiishika karatasi mkononi huoni shida yoyote. Iweke kwenye stendi, rudi nyuma, punguza taa: shapu (alama ya kupandisha noti) na nachura (alama ya kuirudisha kawaida) zinaanza kufanana.

Kwa fidla na selo sishuki chini ya 7.5, na moyo wangu uko kwenye 8. Wapigaji hao hukaa wawili kwa stendi moja, kila mmoja anasoma akiwa upande, na upinde nao unadai nafasi yake. Wa besi husimama mbali zaidi. Wape hata 8.5. Filimbi na tarumbeta, kila mtu na stendi yake, 7 hadi 7.5 inatosha. Waimbaji wa kwaya hushika karatasi mkononi, kwa hiyo 5.5 au 6 haiwasumbui.

Printa ndiyo adui asiyeonekana. Niliwahi kupanga kurasa za sentimita 25 kwa 33, kisha nikazichapa kwenye A4 huku printa ikijipunguzia yenyewe ili zienee. Stafu niliyoiacha kwenye programu ikiwa 7.5 ilitoka na 6 na ushee. Nilistuka mazoezini, nilipoona safu ya nyuma nzima imeinamia stendi. Anayepunguza A3 kuwa A4 hubaki na asilimia 71: 8 yake inakuwa 5.7. Siku hizi nachapa ukurasa mmoja, napima, ndipo naendelea.

Kuna kishawishi cha kubana noti ili wimbo uishie kwenye kurasa mbili. Mimi naongeza ukurasa. Kazi inahamia kwenye kugeuza kurasa: mwenye tarumbeta akiwa na vipimo 20 vya kimya (vipimo, yaani vipande vya mapigo kati ya mistari ya wima) ana muda wa kutosha, lakini wa fidla ya kwanza huenda akapata viwili tu. Hivyo viwili navitafuta, navisukumia mwisho wa ukurasa wa kulia, hata kama theluthi ya karatasi itabaki tupu.