Mbwa wa mnyororo: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

"Mbwa asipofungwa hawi mkali."

Mbwa akitishwa ana njia mbili: akimbie au apigane. Mnyororo unaiziba ile ya kwanza. Kinachobaki watu hukiita ukali, kumbe ni woga wa mnyama aliyebanwa, na woga hauchagui. Atakayesogea ndiye atakayeng'atwa, na anayesogea kila siku ni mtoto aliyefuata mpira au aliyetumwa kupeleka mabaki ya ugali na mifupa ya sangara. Utafiti uliofanyika Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994 ulilinganisha mbwa waliong'ata watu na wasiong'ata. Wanaofungwa uani walikuwa na uwezekano mara 2.8 zaidi wa kuwa kwenye kundi la waliong'ata. Madume na mbwa wasiohasiwa nao walijaa humo.

Mlinzi mzuri hupatikana kwa malezi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 mtoto wa mbwa anajifunza nani ni wa kawaida: watoto, wageni, bodaboda, muuza dagaa. Akiupitisha muda huo amefungwa nyuma ya choo, baadaye kila kitu kwake ni adui. (Pilipili na bangi wanazolishwa ili "wachangamke" ni mateso tu, bangi ni sumu kwa mbwa.)

"Mwizi hasogei penye mbwa wa mnyororo."

Tazama mahali mbwa alipofungwa miezi mitatu. Majani yamekwisha, udongo umekuwa mgumu, na pembeni kuna ukingo wa duara ulio wazi kama umechorwa na fundi. Mnyororo ukiwa wa mita 3, hatari inaishia hapohapo, na mwizi anausoma ukingo huo mchana wakati anapita kuuliza njia. Mtoto wa miaka minne hawezi kuusoma. Tena mbwa aliyefungwa hubwekea kila kitu, hadi wenye nyumba wanaacha kuamka.

"Tunamfunga mchana tu, usiku tunamfungulia."

Kama hakuna uzio, umehamisha tatizo. Mbwa aliyekaa saa 12 kwenye mnyororo anatoka mbio hadi njiani, na alfajiri anakutana na akina mama wanaoelekea Kirumba Mwaloni kuwahi samaki.

"Aliyefungwa hapati kichaa."

Mbwa mwenye kichaa huzurura na kuingia uwanja wowote. Aliyefungwa hawezi kumkwepa, ataumwa palepale. Kinga ni chanjo, kuanzia umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Ikichanjwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Huo ndio mnyororo wa kuuhangaikia. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima.

"Jike akiwa kwenye joto, dawa ni kumfunga."

Madume wa mtaa mzima watajaa uwanjani na kupigania nafasi, naye hawezi kuwakimbia. Watoto wa shule wanapita katikati ya kundi hilo. Siku kama 63 baadaye una watoto wa mbwa usiowahitaji. Dawa ni kumfungia kwenye banda lenye wavu pande zote, au amwone daktari wa mifugo afungwe kizazi.

"Huku kwetu ni mawe matupu, banda halijengeki."

Mawe ndiyo sababu kubwa ya kuuacha mnyororo. Kwenye miteremko ya Mabatini au Igogo mbwa huruka upande wa pili wa jiwe, mnyororo unanasa, ananing'inia. Jiwe lenyewe likishika jua hubaki na joto hadi usiku, na mbwa hujipoza kwa kuhema, kwa hiyo sufuria ya maji ikipinduliwa na mnyororo saa nne asubuhi, hadi jioni yuko taabani.

Banda la mita 2 kwa 3 linamtosha mbwa mmoja wa kienyeji kulala na kula, mradi atoke kila siku. Panga kozi tatu za tofali juu ya jiwe, simamisha nguzo humo kwa zege, kisha funga wavu wa chuma hadi mita 1.8. Wavu wa kuku haufai, ataukata kwa meno. Sakafu iinamie upande mmoja ili mkojo utoke. Weka kichanja cha mbao sentimita 15 juu ya sakafu, na bati liwe juu vya kutosha lisimchome. Mlango ufunguke kwa ndani: mbwa akiusukuma anaufunga mwenyewe. Faida ya jiwe ni kwamba hatachimba chini ya ukuta.

Wakati unakusanya vifaa, mkanda wa shingo upitishe vidole viwili. Mbwa anayekua usipomlegezea, ngozi hufunika mkanda, na kidonda kinajaa funza.

Akishahamia bandani, mtu mzima mmoja amlishe kwa wiki mbili za mwanzo, na watoto wabaki nje ya wavu.