Mlipuko wa ugonjwa haufuti ajira: kwa vibarua wa mashambani walio mbali na kwao

Kila Wizara ya Afya ya Uganda inapotangaza mlipuko, iwe Korona ya 2020 au Ebola iliyotangazwa Mubende Septemba 2022, ofisi za kazi wilayani hupata wageni wa aina moja. Ni vibarua wa miwa na chai waliotolewa kambini bila malipo, hawana nauli, na kwao ni mbali. Wengi hufika wakiwa wamechelewa. Sisi wa ofisi hizo tunayaandika haya sasa, wakati magari yanatembea, kwa sababu siku ya lokidauni hakuna anayesoma.

Mtu wa Arua au Koboko anayekata miwa Masindi hayuko sawa na kibarua anayelala kwake. Machi 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa, na siku chache baadaye ikaja kafyu ya saa moja jioni. Viwanda viliruhusiwa kuendelea iwapo vingewalaza wafanyakazi hapohapo. Mwenye kwao karibu alirudi kwenye mihogo yake. Wa mbali alibaki kambini akilipwa kwa tasiki, yaani kwa kipimo cha kazi: hujamaliza mistari yako, huna kitu. Chakula cha serikali, kilo 6 za posho (unga wa mahindi) na kilo 3 za maharagwe kwa mtu, kilipangiwa Kampala na Wakiso. Kambi za mashambani hazikuwemo katika mpango huo.

Na malipo ya tasiki hueneza ugonjwa kuliko ubishi wa watu. Mwenye homa hujikaza, alfajiri anapanda lori akibanana na wenzake, jioni anarudi kwenye chumba ambacho vitanda vinagusana na kikombe kimoja kinazunguka kwenye dumu. Umwambie akae mita mbili na mwenzake, mita hizo atazipata wapi? Waajiri mnaolalamika kwamba vibarua huficha ugonjwa, fungueni kwanza daftari la nyapara muone siku ya kuumwa imeandikwa nini. Ikiwa ni sifuri, kuficha mmewafundisha ninyi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haisemi sifuri. Mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini bila kukatiza, akiugua, hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwepo. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, hapo ndipo mwajiri anaweza kusitisha mkataba, tena kwa kufuata masharti yake. Wajibu wako ni kutoa taarifa mapema na, ukitakiwa, kuleta cheti cha daktari. Kutoroka kambini usiku kwa kuogopa karantini ni kujinyima haki hiyo kwa mikono yako. Tunajua kwa nini watu hutoroka, lakini ukishatoroka, mwajiri ataandika kwamba umeacha kazi, na sisi tutapata shida kuthibitisha vinginevyo.

Tunachosikia kila wiki, na kinachochosha, ni hiki: "Mimi ni wa lejaleja, sina karatasi, sina haki." Wa lejaleja ni kibarua wa kutwa. Si kweli kwamba hana haki. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Tena kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo si wa kutwa tena, anastahili mkataba wa maandishi. Mkimbizi wa makazi ya Kiryandongo anayepalilia shamba la mtu naye ni mfanyakazi kama wengine.

Nauli ya kurudi inahitaji uangalifu. Aliyeandikishwa kwenda kufanya kazi zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao ana haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri hadi mahali alipoajiriwa, mkataba ukiisha muda wake au ukivunjwa kwa sababu ya ugonjwa au ajali. Zingatieni: mahali alipoajiriwa. Aliyepandishwa lori na wakala pale Arua, arudishwe Arua. Aliyejileta mwenyewe hadi getini, madai yake ni magumu zaidi, na hatutaki kumdanganya mtu. Ila aliyetumika miaka 10 au zaidi hurudishwa bila kujali aliandikishiwa wapi. Familia iliyoletwa na mwajiri nayo hurudishwa. Kwa hiyo, siku ya kupanda lori, andika jina la wakala, namba ya gari na mahali ulipopandia. Daftari la shule linatosha.

Barakoa, glavu na viatu vya mpira haviwezi kukatwa kwenye mshahara.

Kuhusu NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, tangu marekebisho ya Januari 2022 kila mwajiri hulazimika kuchangia, hata mwenye kibarua mmoja. Asilimia 5 hutoka kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri, nazo huwasilishwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mwajiri akichelewa, hutozwa nyongeza ya asilimia 10. Wenye mashamba ya miwa ya kuuzia viwanda wanaodhani wao ni "wakulima tu" wajue kwamba ukiajiri, wewe ni mwajiri.

Malalamiko ya kufukuzwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Afisa anaweza kukubali yaliyochelewa kwa sababu nzuri, lakini usilitegemee hilo. Siku 90 zikipita tangu ulalamike bila uamuzi, unaweza kwenda Mahakama ya Viwanda, inayosikiliza kesi za kazi. Huhitaji wakili ili kulalamika, wala ruhusa ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ingawa barua yake husaidia kuonyesha ulikuwa unakaa wapi. Njoo na daftari lako, ujumbe wa malipo ya simu, cheti cha kituo cha afya, na jina la mwenzako mmoja mliyekuwa naye kwenye mistari. Kama wote mlitolewa siku moja, njooni pamoja. Kila mmoja ataandikiwa malalamiko yake, kwa sababu tarehe za kuanza kazi hutofautiana, na hesabu ya kila mtu hutegemea tarehe hiyo.