Je, wajua kwa nini tanzia za Shakespeare, yaani tamthilia zake za majonzi, haziishi pale shujaa anapokufa?

Hamlet akishakata roho, mchezo unaendelea. Ngoma za jeshi zinasikika, anaingia Fortinbras, mwanamfalme wa Norway anayetoka vitani Poland. Anakuta maiti nne ukumbini, anatangaza kwamba ana haki ya kudai ufalme wa Denmark, kisha anatoa amri ya maziko. Romeo na Juliet nao wakifa, Padri Laurence, aliyewafungisha ndoa kwa siri, anaahidi kusema kwa ufupi, halafu anazungumza kwa mistari ipatayo 40. Wengi leo huona hii ni mikia tu ya kukatwa. Haikuwa hivyo.

Sababu ya kwanza ni ya kifundi kabisa. Jumba la Globe lililojengwa London mwaka 1599 halikuwa na pazia la mbele wala taa za kuzimwa. Watu walicheza mchana, juu ya jukwaa lililochomoza hadi katikati ya watazamaji. Mwigizaji aliyekwisha kufa alikuwa na njia mbili: abebwe, au ainuke mwenyewe watu wakimtazama na kuivuruga tanzia nzima. Ndiyo maana amri ya kubeba imo ndani ya maneno ya wahusika. Fortinbras anaagiza makapteni wanne wamchukue Hamlet kwa heshima za kijeshi, na mizinga ilie. Si bahati kwamba ameingia na askari. Hao ndio wabebaji. Kuhusu maiti tatu zinazobaki, matoleo ya zamani ya kuchapwa hayakubaliani: lile la 1604–1605 linaagiza miili ibebwe, lile la 1623 linataja mwili mmoja tu. Katika Othello maiti zimelala kitandani na kuzibeba kungekuwa kazi, basi Lodovico, mjumbe wa serikali ya Venice, anaamuru zifunikwe zisionekane. Kitanda cha zama zile kilikuwa na mapazia yake, yakavutwa, yakaisha.

Hata kuondoka kwa maiti hakukuwa mwisho wa onyesho. Msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, alitazama mchezo wa Julius Caesar London mnamo Septemba 1599, akaandika kwamba ulipokwisha waigizaji walicheza dansi, wawili wakiwa wamevaa nguo za kiume na wawili za kike.

Lakini amri yoyote inataka mwenye mamlaka ya kuitoa, na hapa ndipo ufundi unapogeuka siasa. Kawaida ya tanzia hizi ni kwamba neno la mwisho ni la yule mwenye cheo kikubwa kati ya waliobaki hai. Katika Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, Antony anamsifu adui yake Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, kwa maneno mazuri mno, ungedhani mchezo umefungwa. Haujafungwa. Octavius, mrithi wa Caesar, anadaka neno: maiti ya Brutus ilazwe katika hema lake Octavius, majeshi yapumzike. Mtazamaji makini ameshajua ni nani atakayeishika Roma. King Lear una kisa cha ajabu zaidi. Mistari minne ya mwisho ni ya Albany, mkwe wa mfalme Lear, katika toleo la 1608, na katika toleo la 1623 ni ya Edgar, mwana wa mtukufu Gloucester. Maneno karibu ni yale yale. Kilichobadilika ni nani anaachiwa nchi.

Hotuba iliyokamilika kuliko zote ni ya Malcolm, mwana wa mfalme aliyeuawa na Macbeth, mwishoni mwa Macbeth, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1968. Kichwa cha Macbeth kimeletwa mkononi mwa Macduff, na Malcolm hapotezi muda: anaahidi kuwalipa waliomsaidia, anawapandisha wakuu wake kwa cheo ambacho Uskoti haikuwa nacho kabla, anasema waliokimbilia ughaibuni warudishwe, vibaraka wa dikteta wasakwe, na wote waje Scone kwenye kutawazwa kwake. Kumbuka wakati wenyewe. Mchezo ni wa mwaka 1606 hivi, James wa Uskoti amepata taji la Uingereza tangu 1603, na mwezi Novemba 1605 watu walikamatwa kwa njama ya kulilipua bunge kwa baruti. Kuua mfalme jukwaani bila kumweka mrithi halali papo hapo kungekuwa kujitafutia balaa.

Je, utulivu huo ni wa kweli? Kwa kiasi tu. Katika Macbeth wachawi walitabiri ufalme kwa uzao wa Banquo, mwenzake Macbeth vitani, na Malcolm si wa uzao huo. Fleance, mwana wa Banquo, alitoroka wauaji na hatumwoni tena. Fortinbras naye ni mtoto wa mfalme aliyeuawa na baba yake Hamlet, na tangu onyesho la kwanza walinzi wa Denmark wanakesha kwa kuliogopa jeshi lake. Mwishoni anaichukua nchi bila kurusha mshale. Mwongozaji anayemleta kama mkombozi amekosea kusoma.

Kumwondoa Fortinbras kabisa, kama Laurence Olivier alivyofanya katika filamu yake ya 1948, kunaibakiza Hamlet kuwa ugomvi wa familia. Mwandishi Nahum Tate alikwenda mbali zaidi mwaka 1681 alipoandika upya King Lear: Lear akabaki hai, binti yake Cordelia akaolewa na Edgar, na majukwaa ya Uingereza yalishikilia mwisho huo hadi karne ya 19. Ukilazimika kupunguza, hotuba ya Padri Laurence inapungua bila hasara, kwa kuwa watazamaji wameshayaona anayoyasimulia. Usiguse mambo matatu: nani anatawala sasa, mhalifu anafanywa nini, maiti zinakwenda wapi. Na wabebaji wafanye mazoezi na mwigizaji mwenyewe, si na gunia, maana mkono unaoning'inia na kiatu kinachochomoka mguuni huchekesha ukumbi.

Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya 1969, aliukataa mtindo huu. Vita vya Maji Maji vimeshindwa, Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Angetokea Fortinbras hapo, angekuwa ofisa wa Kijerumani. Kwa hiyo hakuna anayekuja kupanga mambo, na neno la mwisho linabaki kwa mfungwa anayekataa kukana.