Jinsi ninavyowatafutia watoto nyimbo mpya

Nafundisha muziki katika madarasa ya awali hapa Moshi, na swali ambalo wazazi huniuliza kuliko yote, wanapokuja kuchukua watoto saa sita mchana, ni hili: mwalimu, nyimbo nyingine za watoto tutazipata wapi, maana hizi tulizonazo tumezichoka? Nyimbo mpya zipo, tena nyingi, na baadhi ya zilizo bora zinatungwa na wasanii wanaojitegemea, wasio na kampuni ya kuwasimamia wala katuni ya kuwatangaza. Ila hazimfuati msikilizaji nyumbani kwake. Msikilizaji ndiye anayezifuata, na ili ajue pa kuanzia inafaa kwanza aelewe kwa nini simu yake haimletei.

Sababu ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka mitatu akiupenda wimbo huutaka tena na tena, hata mara kumi kwa asubuhi moja, na huko kurudia ndiko kujifunza kwake: mara ya kwanza anaushika mdundo, mara ya nne analishika neno la mwisho la kila mstari, na mara ya tisa unamsikia anaimba kiitikio kizima akiwa anaogeshwa. Programu ya muziki haiyajui hayo. Inachokijua ni kwamba wimbo umechezwa mara kumi, hivyo inatafuta unaofanana nao, kisha mwingine unaofanana na huo, na baada ya wiki mbili nyumba nzima inazunguka ndani ya nyimbo tano. Kurudiwa kwa namna hiyo katika mamilioni ya nyumba ndiko kulikoufanya wimbo wa Baby Shark, wa kampuni ya Korea Kusini, kuwa video iliyotazamwa kuliko zote katika YouTube mnamo Novemba 2020. Msanii mdogo wa Ngaramtoni aliyeweka wimbo wake jana hawezi kupenya mzunguko huo kwa uzuri wa wimbo peke yake.

Sababu ya pili imetokana na sheria. Septemba 2019, nchini Marekani, Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 ili kumaliza madai kwamba walikusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi wao. Tangu Januari 2020 video yoyote iliyotambulishwa kuwa ya watoto haina sehemu ya maoni, haina kengele ya kumjulisha mfuasi kwamba kuna wimbo mpya, wala haiwekewi matangazo yanayolenga tabia za mtazamaji. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, kwa sababu mtoto hapaswi kuwindwa na wafanyabiashara. Hata hivyo, gharama yake imewaangukia zaidi wasanii wadogo. Mama aliyempata msanii mzuri hawezi tena kuandika chini ya wimbo kwamba mwanawe analala nao kila usiku, na mama mwingine hawezi kuyasoma maneno hayo akaamini. Sifa zilizokuwa zinapita mdomo kwa mdomo zimekosa mahali pa kupitia, na mapato ya matangazo yamepungua papo hapo.

Kwa hiyo natafuta kwa masikio, na kwanza kabisa naifunika simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na kuanzia miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mimi nina sababu nyingine ya kikazi: picha inaficha udhaifu wa wimbo. Ukiondoa sungura anayecheza na rangi zinazomeremeta, nyimbo nyingi hubaki biti moja ya kompyuta na sauti ya mtu mzima anayejilazimisha kuimba kitoto.

Baada ya hapo nachukua melodika yangu, kinanda kidogo cha kupuliza, na kupima kimo cha wimbo, yaani sauti zake ziko juu au chini kiasi gani. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano huimba bila kujikaza takriban kati ya noti ya D iliyo juu tu ya C ya kati, ile ya katikati ya kinanda, na noti ya A inayofuata. Prodyuza wengi hurekodi kwa kimo kinachomfaa mwimbaji mtu mzima, hasa mwanamume, na matokeo yake mtoto ama ananguruma chini ama anapiga kelele juu, kisha mzazi anadhani mwanawe hana sauti. Ukikuta msanii anayezingatia kimo hicho, jua kwamba amewahi kukaa na watoto, na kazi zake nyingine zinastahili kutafutwa zote.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni nafasi ya kuitikia. Mtoto aliyezoea kujibu pakawa anaposikia paukwa tayari anajua kwamba maneno mengine ni zamu yake, na wimbo mzuri humwachia zamu hiyo wazi, bila ala wala sauti nyingine kuijaza. Ella Jenkins, mwimbaji wa nyimbo za watoto wa Chicago, Marekani, aliijenga albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1957, juu ya kuimba na kuitikia, na aliendelea kurekodi kwa njia hiyo kwa miongo mingi; ni njia ambayo bibi zetu wa Kibosho na Machame wasingehitaji kufundishwa na yeyote. Masika yaliyopita niliwachezea watoto wimbo mpya kwa mara ya pili kupitia spika ndogo, darasani, chini ya paa la bati. Mvua ikashuka kwa nguvu hadi spika haikusikika kabisa. Watoto walikuwa wameketi mkekani, na nilitarajia waanze kusukumana. Badala yake msichana mmoja wa mstari wa mbele alihesabu kwa kichwa, akitikisa kidogo, kisha akaitikia mahali penyewe hasa, na wenzake wakamfuata. Mvua ilipopungua spika ilikuwa imefika mstari uleule waliokuwa wanauimba. Wimbo huo bado ninao.

Kuhusu mahali pa kutafuta, nianze na karibu. Kwaya za watoto makanisani na vikundi vya kaswida vya madrasa hurekodi nyimbo mpya katika studio za mtaani, na hivyo prodyuza wa mtaani ndiye anayejua nani amerekodi nini mwaka huu. Nenda ukamuulize. Vijana wanaojaza nyimbo kwenye fleshi na memori kadi karibu na stendi nao wana masikio mazuri, lakini mimi huwatumia kwa kusikiliza tu: kunakili na kuuza kazi ya msanii bila idhini yake ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na msanii wa watoto hapati hata shilingi.

Mtandaoni, anza na wimbo mmoja unaoupenda kisha usome maelezo yake hadi mwisho. Humo kuna jina la mpiga marimba, la mwitikiaji, la aliyechanganya sauti. Tafuta kila jina peke yake, kwa sababu wanaotunga kwa ajili ya watoto hushirikiana sana, na jina moja hukupeleka kwenye rekodi ambazo hakuna programu ingekupendekezea. Spotify, programu ya kusikilizia muziki, imefunguliwa Tanzania tangu Februari 2021 na inafaa kwa ufuatiliaji huo, ingawa ni vyema mtoto asikilize kupitia akaunti tofauti na ya mzazi ili mapendekezo yasichanganyike. Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao wenyewe, iliyoanza mwaka 2008, naipendelea zaidi kwa kazi za nje: mara nyingi unaweza kusikiliza albamu nzima kabla ya kununua, bei anaipanga msanii, na Bandcamp yenyewe inachukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kidijitali. Utahitaji kadi ya benki.

Mama mmoja wa Pasua aliniuliza kama inafaa kumnunulia mtoto hedifoni. Nilimshauri atumie spika ya kawaida, ili wasikilize pamoja. Ikiwa ni lazima, kiwango salama cha ukubwa wa sauti kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki.

Kila Ijumaa nawapa wazazi karatasi yenye wimbo mmoja mpya pamoja na majina yote ya walioushiriki. Wiki hii namfuatilia mpiga zeze aliyetajwa mstari wa mwisho wa maelezo ya wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto. Nimezipata rekodi zake tatu, na Jumatatu asubuhi nitazicheza darasani simu ikiwa imefunikwa.