Je, wajua ni kwa nini baadhi ya mitaa mipya humlazimisha mkazi kununua gari?

Mkazi wa Kaloleni au Shauri Moyo, hapa Kisumu, huenda soko la Kibuye kwa miguu na kurudi na mboga zake kabla chai haijapoa. Aliyejijengea nyumba nzuri zaidi upande wa Riat au Mamboleo huenda akalazimika kuwasha gari ili anunue mkate. Tofauti hii haitokani na uvivu wa mmoja na bidii ya mwingine, bali na mchoro wa mtaa, ambao uliamua jambo hilo kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mitaa ya zamani ya wafanyakazi ilipangwa katika mji uliokua kando ya reli, iliyofika ziwani mwaka 1901. Wapangaji wake hawakutarajia kwamba mfanyakazi angekuwa na gari, kwa hiyo walimweka pale ambapo miguu ingemfikisha kazini. Nyumba zenyewe zilikuwa finyu na sizitetei hata kidogo. Ninachotetea ni umbali.

Mtu mzima hutembea takriban mita 80 kwa dakika, hivyo mita 400 ni mwendo wa dakika tano. Duka, kituo cha matatu na shule ya chekechea vikiwa ndani ya umbali huo, watu wengi hutembea bila kushawishiwa na mtu. Hata hivyo, umbali wa kwenye ramani si umbali wa miguuni, na hapa ndipo mitaa yetu mipya hukosea zaidi. Chukua mtaa wenye urefu wa mita 300, uliozungushiwa ukuta na kuachiwa lango moja. Mama anayeishi mwisho wa mtaa, ambaye husikia makanga wakiita abiria ng'ambo ya ukuta wake, hutembea mita 300 hadi langoni, kisha mita nyingine 300 upande wa nje kurudi alikotoka. Safari ya dakika moja imekuwa ya dakika saba au nane, na mtoto akiwa mgongoni hiyo ni safari ya bodaboda. Najua kuta hujengwa kwa hofu ya wezi, nayo si hofu ya bure. Lakini kilango cha waendao kwa miguu chenye mlinzi, pamoja na nyumba ambazo baraza zake hutazama njia, hulinda mtaa bila kumfungia mkazi.

Jambo la pili ni maegesho. Gari moja, ukihesabu na nafasi ya kuligeuza, huhitaji takriban mita 25 za mraba. Nyumba 100 zikipewa nafasi mbili kila moja, zinakwenda mita za mraba 5,000, yaani nusu hekta, ardhi ambayo ingetosha soko dogo, chekechea na uwanja wa watoto. Nyumba nazo husogezwa mbali zaidi, na gharama ya lami hiyo huingizwa katika bei ya kila nyumba, hata ya yule asiye na gari. Mtaa wa Vauban, mjini Freiburg, Ujerumani, uliojengwa palipokuwa kambi ya jeshi la Ufaransa, ulitenganisha bei ya nyumba na gharama ya maegesho: mwenye gari hununua nafasi katika jengo la maegesho lililo pembeni mwa mtaa, na asiyetaka gari halipii nafasi hiyo. Gari huruhusiwa kuingia kushusha mizigo au mgonjwa, lakini halilali mlangoni. Tramu ilifikishwa huko mwaka 2006.

Sisi hatuna tramu; tuna matatu, tuktuk na bodaboda, usafiri ambao jina lake lilizaliwa papa hapa Magharibi, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani Busia. Matatu haiondoki mpaka ijae. Nyumba 15 kwa hekta haziwezi kuijaza upesi, lakini nyumba 60, ambazo ni maghorofa ya kawaida yasiyo marefu, zina abiria mara nne wa kuanzia safari katika eneo lilo hilo.

Halafu kuna jua na udongo. Njia nyembamba isiyo na kivuli haipitiki kwa raha saa nane mchana wa Kisumu, na udongo mweusi wa tambarare hunata viatuni mvua ikinyesha. Mwarobaini kila mita chache, mtaro uliofunikwa na taa za usiku ni sehemu ya usafiri kama ilivyo barabara, ingawa wajenzi wengi huviacha kuwa mapambo ya mwisho, fedha zikibaki.

Kwa hiyo anayekwenda kutazama nyumba mpya, iwe katika maghorofa ya Makasembo au kwingineko, asiishie kukagua vigae na jiko. Atoke mlangoni saa mbili usiku, atembee hadi duka la karibu na hadi steji, huku akihesabu dakika.