Magari ya Kasi na Bei ya Kuuzia Tena Uganda: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika bondi za magari za Kampala, yaani yadi zinakouzwa magari yaliyoagizwa nje, jambo la kwanza ambalo mnunuzi huuliza kuhusu Subaru yenye turbo, BMW ya kundi la M au Porsche iliyotoka Japani ni nguvu za injini. Bei ambayo gari hilo litauzwa baada ya miaka mitatu au minne huulizwa kwa kuchelewa sana, mara nyingi siku ambayo mwenye gari anahitaji fedha za karo au za kuezekea nyumba. Hapo hugundua kwamba mambo mengi aliyoambiwa na madalali, na mengine aliyojiambia mwenyewe, hayakuwa kweli. Naliandika jambo hili kwa sababu vijana wengi wa nchi yetu huweka akiba yao yote katika gari la aina hii, na hasara wanayoipata ingeweza kupunguzwa sana kama wangeelewa kinachoshusha bei na kinachoishikilia.

Dhana: gari lililokuwa ghali lilipotoka kiwandani litaendelea kuwa ghali

Bei ya gari lililotumika haifuati bei lililouzwa likiwa jipya. Hufuata idadi ya watu wanaolitaka leo, pamoja na gharama ambazo watu hao wanaziona mbele yao baada ya kulinunua. BMW M5 ya muundo wa E60, iliyouzwa kati ya 2005 na 2010, ni mfano ulio wazi kuliko yote. Ilikuwa na injini ya silinda kumi ya lita 5 yenye nguvu za farasi 507, na kwa wakati wake ilikuwa ajabu ya uhandisi. Lakini bearingi za koneti rodi zake hulika mapema, na giaboksi yake ya SMG hutegemea pampu na vifaa vya haidroliki ambavyo vikifa hugharimu fedha nyingi. Kwa hiyo thamani yake ilianguka sana. Anayeinunua leo kwa bei iliyoanguka hubaki na vipuri ambavyo bei yake haijaanguka hata kidogo, kwa maana kiwanda huuza pistoni au pampu kwa bei ya gari la kifahari bila kujali mwenye gari alilipata kwa shilingi ngapi.

Tuchukue mfano wa kukisia. Mtu wa kwanza ananunua gari kwa milioni 90, anatumia milioni 3 kwa matengenezo katika miaka mitatu, kisha analiuza kwa milioni 70. Mwenzake ananunua gari la Kijerumani la kasi zaidi kwa milioni 50, injini inamdai milioni 25, kisha analiuza kwa milioni 30. Wa kwanza amepoteza milioni 23, na wa pili, aliyedhani amepata gari la bei nafuu, amepoteza milioni 45. Ndiyo maana Subaru Impreza hushika bei Kampala kuliko magari mengi yaliyokuwa ghali mara mbili yake. Mafundi wanaijua, vipuri vyake vipya na vilivyotumika hupatikana katika soko la Kisekka, na kwa miaka mingi watu wameiona ikishindana katika Pearl of Africa Rally. Mnunuzi wa pili yupo kabla wa kwanza hajaamua kuuza, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloamua bei ya gari la kasi nchini Uganda.

Dhana: likishalipiwa ushuru, gari limejihakikishia bei

Dhana hii ina punje ya ukweli, na kwa sababu hiyo ni ngumu kuing'oa. Gari linaloingia kupitia Mombasa na kuvuka Malaba au Busia hutozwa ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kodi ya zuio, na, kama umri wake ni mkubwa, ada ya mazingira. Kodi hizi hufanya bei ya gari likifika Kampala kuwa mbali sana na bei lililonunuliwa mnadani Japani. Ni kweli kwamba gari lililokwisha kulipiwa hunufaika, kwa sababu anayetaka kama hilo lazima alipe kodi hizo upya. Lakini manufaa hayo hudumu tu maadamu gari lako linafanana na lile linaloweza kuagizwa leo. Siku ambayo magari mapya zaidi ya aina hiyo yanaanza kushuka bei huko Japani, lako hushuka pia, na hakuna mnunuzi atakayekurudishia kodi uliyoilipa.

Mwaka 2018 Uganda ilibadilisha sheria ya usalama barabarani na kupiga marufuku uingizaji wa magari ya kawaida yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Watu wengi walidhani sheria hiyo ingeyashusha bei magari ya zamani yaliyokuwa yamekwisha kuingia. Kwa magari ya kasi, kinachotarajiwa ni kinyume chake. Impreza za muundo wa GC8 za miaka ya 1990, Lancer Evolution za vizazi vya mwanzo na Nissan Skyline GT-R ya R34, ambayo utengenezaji wake ulikoma 2002, haziwezi tena kuongezwa hapa nchini kwa njia ya kawaida. Zilizopo ndizo hizo hizo, na kila moja inayopinduka barabarani au kukatwakatwa kuwa vipuri hupunguza idadi. Hata mpya hazitengenezwi: Mitsubishi iliacha kuunda Lancer Evolution mwaka 2016, injini ya EJ20 ya Subaru iliagwa kwa toleo la mwisho la magari 555, na Machi 2022 Subaru ilitangaza kwamba kizazi kipya cha WRX, gari lake la turbo, hakitapata STI, yaani toleo lake kali zaidi, ya injini ya petroli. Hata hivyo, uhaba huu husaidia gari zima lililotunzwa. Lililopasuliwa na kuunganishwa kwa vipuri vya magari matatu haliongezewi thamani na uhaba wowote.

Wengine hutegemea kuuza Kenya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo sehemu kubwa ya magari ya kasi yaliyo Kampala hayawezi kupata mnunuzi wa kuyasajili ng'ambo ya mpaka.

Dhana: bei za Marekani na Uingereza ndizo bei za gari langu

Hapa ndipo ninapoona watu wakiumia zaidi, kwa sababu wanalinganisha vitu viwili visivyo katika soko moja. Marekani huruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake kuingia likifikisha miaka 25. R34 GT-R ya kwanza ilianza kuuzwa Januari 1999, hivyo ikafikisha umri huo mwanzoni mwa 2024, na bei za mnadani Japani zilikuwa zimepanda miaka kadhaa kabla, wanunuzi wakiisubiri siku hiyo. Mtu aliye Ntinda, mtaa wa Kampala, mwenye Skyline ya kawaida isiyo GT-R, yenye magurudumu mawili tu yanayosukumwa na injini isiyo na turbo, huona tangazo la bei hizo na kuamini kwamba ameketi juu ya dhahabu. Gari linalotafutwa huko ni GT-R yenye namba ya chesisi inayothibitika, hati ya mnada, kitabu cha matengenezo na injini iliyotoka nayo kiwandani. Hata anayemiliki GT-R halisi hapa Uganda angelazimika kulipia usafiri wa kulirudisha Mombasa na meli, na kodi aliyoilipa Mamlaka ya Mapato haimfuati mnunuzi wa ng'ambo. Bei ya Marekani ukiitoa gharama hizo, na ukaitoa tena kwa sababu ya nyaraka zilizopotea, hubaki kidogo sana.

Dhana: toleo maalumu lenye idadi ndogo halishuki bei

Historia ya magari ya kasi imejaa watu walioamini hivi. Baada ya Jaguar kuonyesha XJ220 mwaka 1988, matajiri walipanga foleni kuweka amana ya pauni 50,000 kila mmoja, wengi wao wakikusudia kuliuza mara tu wakilipokea. Kati ya ahadi na makabidhiano yaliyoanza 1992, uchumi wa Ulaya ulidorora, bei za Ferrari zilizokuwa zimepanda kwa kasi mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaporomoka, na Jaguar ikabadilisha injini ya silinda 12 iliyoahidiwa ikaweka ya silinda 6 yenye turbo mbili. Wanunuzi wengi wakataka kujitoa, na wengine wakafika mahakamani. Gari lilikuwa la idadi ndogo, lilikuwa zuri, na kwa muda lilikuwa miongoni mwa magari ya kasi zaidi duniani, lakini yote hayo hayakulinda bei yake kwa miaka mingi.

Porsche 911 R ya 2016 ilifundisha jambo jingine. Yalitengenezwa magari 991 tu yenye gia za mkono, na walanguzi wakayatangaza kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya dukani. Mwaka uliofuata Porsche ilileta GT3 ya gia za mkono yenye kifurushi cha Touring, gari linalofanana nalo sana kwa uendeshaji, na bei za walanguzi zikashuka. Uhaba uliowekwa na kiwanda unaweza kuondolewa na kiwanda hicho hicho.

Yapo pia yaliyopanda kupita ndoto. Yalijengwa McLaren F1 106 tu, ya mbio na ya barabarani kwa pamoja, kwa sababu wanunuzi hawakutosha kufikia idadi iliyopangwa, na utengenezaji ukakoma 1998. Agosti 2021 mojawapo liliuzwa mnadani California kwa zaidi ya dola milioni 20. Aliyelinunua likiwa jipya hakuwa na namna ya kulijua hilo, na gari kama hilo hudai bima, hifadhi na matengenezo kila mwaka.

Dhana: nimeuza kwa bei niliyonunulia, sikupoteza kitu

Aliyenunua kwa milioni 60 na kuuza kwa milioni 60 baada ya miaka mitano amepoteza, kwa kuwa shilingi milioni 60 za leo hazinunui kilichonunuliwa wakati ule. Aongeze bima, matairi mapana yanayoisha haraka na petroli ya daraja la juu ambayo injini yenye turbo huihitaji ili petroli isilipuke ovyo ndani yake.

Dhana: kila ninachokiongeza kwenye gari kinaongeza bei

Sijui dhana iliyoharibu magari mazuri mengi Uganda kuliko hii. Kijana huweka turbo kubwa, bomba la moshi lenye sauti, kompyuta ya injini iliyobadilishwa programu na shokabu za kushusha gari, kisha hujumlisha risiti zote juu ya bei aliyonunulia. Mnunuzi mwenye ujuzi hufanya hesabu tofauti: anaona injini iliyolazimishwa kufanya kazi kupita kipimo chake. Injini ya Subaru ya lita 2.5 inayoitwa EJ257 inajulikana duniani kote kwa pistoni zinazovunjika kwenye mifereji ya ringi msukumo wa turbo unapoongezwa ovyo, na anayejua hilo hupunguza bei kabla hata ya kuliwasha gari. Na gari lililoshushwa hadi kugusa matuta ya Kampala huwa na chesisi na bomba zilizokwaruzwa, jambo ambalo yeyote akiinama huliona. Anayependa kubadilisha gari lake avihifadhi vifaa vya kiwandani, kwa maana mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma hayamtishi mnunuzi.

Kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi, nao ni WRX ya kawaida iliyobandikwa nembo za STI na kuuzwa kama STI. Katika Impreza za sedani zilizouzwa Japani kati ya 2000 na 2007, namba ya chesisi huanza na GDA kwa WRX na GDB kwa STI. Herufi moja hiyo inabeba mamilioni ya shilingi, na huonekana kwenye gari lenyewe na kwenye logibuku bila kulipia mtaalamu. Giaboksi ya gia sita na breki za Brembo zinaweza kuhamishwa kutoka gari jingine. Namba ikihitilafiana na nyaraka, hilo ni suala la polisi, na mnunuzi aondoke.

Gari lililokimbia katika mashindano hupimwa kwa nyaraka hizo hizo. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda Safari Rally mara tano, na ushindi wake wa kwanza, mwaka 1973, aliupata akiendesha Datsun 240Z. Gari la mbio lenye rekodi inayojulikana, picha na dereva anayetambulika huwa na thamani ambayo la barabarani halina. Lisilo na rekodi huwa gari lililochoka tu.

Dhana: kilomita chache ni uhakika wa gari zuri

Kilomita husomwa kwenye dashibodi, na dashibodi hubadilishwa. Hati ya mnada ya Japani huandika kilomita za siku ya mauzo, na ndiyo inayopaswa kulinganishwa na kinachoonekana leo. Hata zikiwa za kweli, gari la kasi lililosimama miaka mingi hupata sili zilizokauka, petroli iliyochacha kwenye tangi, kutu kwenye diski za breki na matairi magumu, na injini yenye turbo haipendi mafuta yaliyokaa bila kubadilishwa. Kwa maoni yangu lenye kilomita 90,000 na risiti zake linastahili bei kubwa kuliko lenye 30,000 lisilo na maelezo. Pa kuanzia ni kwenye matairi: tarakimu nne za mwisho pembeni huonyesha wiki na mwaka yalipotengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anayesema gari lilikuwa likiendeshwa kila wiki hadi mwezi uliopita, huku matairi yake yakiwa na umri wa miaka kumi, aombwe aonyeshe risiti za fundi wake.