Mikono ya mshika silaha: jinsi madini ya risasi yanavyofika tumboni

Mlinzi wa benki au wa duka la jumla Kariakoo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kufyatua hata mara moja. Lakini kila zamu anapokea silaha, anatoa risasi, anazihesabu mbele ya mwenzake, anazirudisha na kusaini kitabu. Kinachobaki vidoleni baada ya hapo hakionekani wala hakinuki, na mara nyingi hukutana na chapati ya asubuhi kabla hakijakutana na maji.

Kinachobaki ni madini ya risasi, yaani ledi, nayo ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni kichwa cha risasi chenyewe. Cha pili, ambacho wengi hawakijui, ni kiwashio: kile kiduara kitakoni mwa ganda kinachogongwa na pini. Katika risasi nyingi za kawaida, ndani ya kiwashio mna stifneti ya ledi, kilipuzi chenye ledi ndani yake, pamoja na misombo ya bariamu na antimoni. Pini ikigonga, mchanganyiko huo hulipuka na kugeuka mvuke, kisha mvuke hupoa ukawa vumbi laini mno linalotua mikononi, kwenye mikunjo ya shati, kwenye ndevu na ndani ya silaha. Koti la shaba kwenye kichwa cha risasi husaidia, ila halimalizi tatizo. Aina nyingi za koti huacha kitako wazi, na gesi ya moto huilamba ledi kwa nyuma. Gololi za shotgani kwa kawaida hazina koti kabisa.

Hatari hii haiwapati wote sawasawa, na ni vizuri kulisema hilo wazi. Risasi mpya ya shotgani iliyofungwa ndani ya ganda la plastiki huacha ledi kidogo sana mkononi, kwa hiyo mlinzi mwenye silaha safi na risasi mpya hana sababu ya kukosa usingizi. Walio hatarini hasa ni mwalimu wa shabaha anayeshinda kwenye moshi, mtunza ghala anayesafisha silaha za wenzake, na kibarua anayefagia uwanja wa shabaha na kuokota maganda. Mlinzi huingia kundi hilo siku ya mazoezi, au siku anapokabidhiwa silaha ambayo haikusafishwa tangu mazoezi yaliyopita. Yale masizi meusi ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ndiyo vumbi lenyewe.

Ngozi isiyo na vidonda haipitishi ledi ya aina hii kwa urahisi. Njia kubwa ni pua na mdomo. Kati ya ledi anayoimeza mtu mzima, takriban sehemu moja ya kumi huingia kwenye damu. Kwa mtoto mdogo inaweza kufika nusu. Tumbo tupu hufyonza zaidi, na upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu huongeza ufyonzaji huo. Mtu aliyekesha lindoni bila kula, kisha akafungua kinywa kwa mikono michafu, amejiweka pabaya mara mbili.

Kuhusu kiasi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mtu akikutwa na mikrogramu 5 za ledi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Piga hesabu: ni mikrogramu 250 katika damu yake yote, robo ya miligramu, uzito usiofikia punje moja ya sukari. Na hakuna kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama.

Sasa maji. Vitakasa mikono havifai hapa. Spiriti huua vijidudu, lakini ledi si kijidudu. Ukipaka na kusugua unaisambaza tu, kisha inakauka palepale. Kunawa kwa jagi na beseni kabla ya ugali, ile ya kumwagiwa maji na kusuguasugua ncha za vidole bila sabuni, nako hakutoshi. Kubaya zaidi ni wote kuchovya mikono katika beseni moja, maana wa mwisho ananawa ledi ya waliotangulia.

Kinachotakiwa ni maji yanayotiririka na sabuni. Pale lindoni ambapo bomba halipo, ndoo ya lita 20 yenye koki inatosha watu wapatao kumi wakiitumia kwa uangalifu. Lowanisha mikono hadi juu ya kifundo, paka sabuni ya mche au ya maji, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na kuzunguka dole gumba kwa nusu dakika. Suuza, kisha paka sabuni tena. Sabuni ya mara ya pili si mbwembwe: ya kwanza huvunja mafuta ya silaha yaliyoshika vumbi, ya pili ndiyo inayoliondoa vumbi. Chini ya kucha tumia brashi ndogo, au weka kucha fupi ili kazi hiyo isiwepo. Baada ya kufyatua, osha na uso, kisha sukutua na uteme. Jifute kwa karatasi ya kutupa. Taulo la pamoja linaloning'inia mlangoni kwa wiki nzima humrudishia kila mtu alichokiacha mwenzake. Maji machafu yaende chooni au kwenye mfereji wa maji taka, si kwenye tuta la mchicha.

Wapo wanaonawa kwa petroli au mafuta ya taa kwa sababu huondoa weusi haraka. Weusi unaondoka kweli, lakini ngozi inakauka na kupasuka, na ngozi iliyopasuka hushika uchafu na ni ngumu kuisafisha.

Kabla ya kunawa, mkono usiguse uso. Maana yake hakuna sigara, ugoro, bigijii, karanga wala kung'ata kucha, na simu ibaki mfukoni. Kuna tabia nyingine ambazo waliozoea silaha hawazioni tena kuwa tabia: kubana risasi midomoni wakati wa kujaza magazini, kupuliza mtutu kwa mdomo ili vumbi litoke, kukusanya maganda kwenye kofia kisha kuivaa kofia ileile kichwani, jasho likashuka nayo hadi midomoni. Maganda yakusanywe kwenye ndoo, kwa glavu.

Usafishaji wa silaha ndio kazi inayochafua kuliko zote. Toa magazini, kagua chemba kwa macho na kwa kidole, na risasi zote zitolewe kwenye chumba unachofanyia kazi. Vaa glavu za nitraili. Za mpira mwembamba huharibiwa na viyeyusho na mafuta. Fanyia kazi mahali penye hewa, kamwe si kwenye meza ya chakula. Pale aina ya silaha inaporuhusu, sukuma brashi kutoka chemba kuelekea mdomo wa mtutu, ili uchafu usirudi kwenye mitambo. Brashi ya shaba ikichomoka mdomoni mwa mtutu hurusha matone madogo, kwa hiyo weka kitambaa kilicholowa mbele yake. Vitambaa vilivyotumika vifungwe kwenye mfuko kabla havijakauka. Na lile gazeti lililotandikwa mezani litupwe humohumo, lisije likaishia kufungia maandazi.

Uwanjani, angalia upepo. Uwanja uliotazama baharini kusini mwa Dar es Salaam hautakuwa na hewa sawa wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Upepo unaotoka mbele humrudishia mpigaji moshi usoni, na mwalimu aliye nyuma yake anaupata vilevile. Usifagie pakavu wala usipulize vumbi kwa kompresa. Mwagia maji kwanza, kisha kokota taratibu. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii vumbi hili. Inahitajika ya kuchuja chembe, inayobana uso vizuri.

Nyumbani, viatu vya kazi vibaki nje ya mlango. Sare isifuliwe kwenye beseni moja na nguo za watoto, wala isikung'utwe kabla ya kulowekwa. Mtoto anayetambaa hufikisha kila kilichoko sakafuni mdomoni. Mlinzi mjamzito asipangiwe kusafisha silaha wala kwenda kwenye shabaha, kwa kuwa ledi hupita kwenye kondo la nyuma, na ile iliyohifadhiwa mifupani kwa miaka inaweza kurudi kwenye damu wakati wa ujauzito.

Kuhusu maziwa: kunywa pakiti moja baada ya kazi hakuoshi sumu. Mlo wenye kalsiamu na madini ya chuma (dagaa, mboga za majani, maharage) unaweza kupunguza kiasi kinachofyonzwa, lakini ledi iliyokwisha kuingia haitolewi na glasi ya maziwa. Dawa za kuitoa zipo, huandikwa na daktari tu, na hazina maana kama mtu anarudi kwenye chanzo kilekile kesho yake.

Dalili huja zikiwa zimechelewa na zinafanana na uchovu wa kawaida: kuumwa kichwa, tumbo kusokota, choo kigumu, hasira za karibu, maumivu ya viungo. Presha na figo huathirika kimyakimya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi. Kwa wanaofyatua au kusafisha silaha mara kwa mara, ni vyema kipimo cha ledi kwenye damu kifanyike kabla ya kuanza kazi, kisha angalau kila miezi 6. Kitajwe kwa jina kwenye fomu, kwani kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu hakipimi ledi. Damu ichukuliwe kwenye mshipa. Tone la kidoleni huweza kuchanganyika na vumbi lililoko juu ya ngozi na kutoa jibu la juu lisilo la kweli. Ikiwa hakuna njia nyingine, kidole kioshwe kwa sabuni na maji kwanza, na jibu lolote la juu lirudiwe kwa damu ya mshipani kabla ya kuanza tiba.